Kyule na Plagi Nyeusi za Mama Mkwe

Kyule, fundi wa magari wa pale Tawa, alizaliwa na hasira kama wengine wanavyozaliwa na alama shavuni, na kama unasoma ukingoja apoe mwishoni, afadhali uende ukachunge mbuzi. Hapoi. Alikasirika akiamka kwa sababu chai ina moshi, akakasirika akifika gereji kwa sababu mtu ameacha mkokoteni mlangoni, na akikosa mtu wa kukasirikia alikasirikia spana. Kulikuwa na moja aliyoisuta kila siku. Aliishika mbele ya uso akaiuliza kama ilitoka nyumbani kuja kazini au kuja kutembea.

Shule aliiacha darasa la saba, akigombana na mwalimu juu ya ile hesabu ya tangi la maji, maji yanaingia huku na kutoka kule. Mwalimu alitaka kujua tangi litajaa lini. Kyule akajibu kwamba mtu anayeacha tangi likivuja hahesabiwi, anachapwa. Akachapwa yeye, na kesho yake hakurudi. Alikwenda Salama, kwenye lami, ambako malori yanasimama kupumua, akafundishwa kazi na mzee mmoja wa Mwingi aliyeitwa Haroun. Haroun alimpa somo moja kubwa: usimuulize dereva kwanza. Fungua plagi, iangalie, ndipo umuulize dereva, uone kama hao wawili wanaelewana.

Basi ukimpelekea Kyule plagi, ananyamaza. Huo ndio wakati pekee. Aliifungua injini ingali moto, akaishika kwa kitambaa, akaigeuzageuza juani, akaisogeza puani kama mama anayenusa maziwa. Kile kincha cha chini, kinachotoa cheche ndani ya injini, kikiwa na rangi ya kahawia iliyofifia, kama andazi lililoiva vizuri, alikurudishia plagi yako akakufukuza: gari ni zima, mgonjwa ni wewe. Kikiwa cheupe kama mfupa uliosahaulika shambani, injini inaungua kwa joto. Kikiwa cheusi cha kung'aa, cheusi cha kunata vidoleni, oili inapanda mahali isipoalikwa. Na kikiwa cheusi kikavu, masizi matupu kama ya sufuria ya muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, basi petroli ni nyingi na hewa ni kidogo. Alijisifu kwamba plagi humwambia hata dereva alikula nini asubuhi. Huo ulikuwa uongo, lakini fundi hodari asiye na uongo kidogo nani atamkumbuka?

Watu wote wa Tawa walikwisha kuonja ulimi wa Kyule, kuanzia mhubiri hadi muuza mitumba. Mtu mmoja tu alikuwa hajaonja, naye ni mama mkwe wake, Kanyiva wa Matinyani, kule Kitui.

Hapo palikuwa na nthoni, ile haya ya Wakamba baina ya mwanamume na mama aliyemzaa mke wake. Hamkaribii, hamwiti jina, hali chakula mbele yake, na sauti hampazii hata nyumba ikiwaka. Siku hizi kuna vijana mjini Kitui wanaopiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao, wote meno nje. Kanyiva hakuwa mama wa picha. Akiwa na neno kwa Kyule alimtuma bintiye, Ndinda, mke wa Kyule. Na Ndinda asipokuwapo, waliongea kupitia kitu chochote kilicho karibu. Wapita njia walizoea kumsikia mama huyo akiliambia debe, “Wewe debe, mwambie fundi breki zinalia,” naye Kyule, amegeuza uso ukutani, akijibu kwa unyenyekevu, “Debe, mwambie mwaitu zitakuwa tayari saa nane.” Mwaitu, yaani mama. Sauti laini kama ya bwana harusi. Mama akiondoka, anarudi kwa spana yake kutukana.

Kanyiva alikuwa mfanyabiashara, tena mkali. Zamani aliuza asali, akiichuja kwa leso mpaka ikang'aa kama taa, na hakuna mtu aliyewahi kukuta mguu wa nyuki katika chupa yake. Baadaye akaingia kwenye ndengu, yaani choroko. Alinunua pikapu kuukuu ya buluu, ya zile za kabureta ambazo vijana wa siku hizi hawajui hata zinafunguliwa wapi, akamwajiri Mbithi aiendeshe. Mbithi alikuwa jirani yake hapo Matinyani, mwimbaji wa besi kanisani, mtu mpole anayeomba radhi hata akikanyagwa yeye. Kazi yao ilikuwa hivi: siku ya soko mama ananunua ndengu Tawa, Mbithi anazipeleka Salama kwa wenye malori, peke yake, na kurudi.

Siku hiyo ya soko, wakulima wamepanga magunia yao mbele ya mzani, Kanyiva alisimama katikati yao, akafunga leso yake kiunoni, akamwita Mbithi kwa jina lake na la baba yake.

Alisema kwamba pikapu yake imegeuka ngamia. Mafuta yaliyokuwa yakienda Salama na kurudi, na kubaki ya kwenda kanisani, sasa yanaisha kabla ya kurudi. Gari ni lile lile, njia ni ile ile, mzigo ni ule ule. Kilichobadilika ni moyo wa dereva. Alisema anajua wale vijana wa Salama wenye mitungi na mipira ya kunyonya petroli, na anajua ni nani anayewafungulia tangi. Akanyoosha mkono.

“Lete ufunguo, Mbithi. Na Jumapili usiimbe. Mwizi wa petroli hatasimama mbele yangu akiimba mambo ya mbinguni.”

Wakulima waliokuwa wamechoka na jua wakapata burudani. Mmoja akasema ndio maana ana shati jipya, mwingine akauliza chifu yuko wapi, na wawili watatu wakaanza kukunja mikono ya mashati. Unajua soko. Neno mwizi likisemwa hapo na mtu mwenye mzani, halichunguzwi. Jioni lingefika Matinyani na kesho lingefika Salama, na kutoka Kitui hadi mwisho wa Makueni hakuna ambaye angempa Mbithi hata baiskeli aisukume. Naye alikuwa na watoto, na kazi nyingine hakuijua.

Hakumpa mama ufunguo. Aliingia kwenye pikapu, huku watu wakiipiga makofi ubavuni, akaivusha barabara mpaka gereji ya Kyule, ikikohoa na kutoa moshi mweusi nyuma. Alipotoka alimwendea Kyule moja kwa moja.

“Fundi, iangalie. Ukiona mimi ni mwizi, sema. Nitakubali.”

Kyule alikwisha kukasirika kwa sababu ya kelele. Alimwambia anyamaze, akafungua boneti, akatoa plagi zote nne, akazipanga juu ya gunia. Zote nyeusi. Nyeusi kavu, masizi ya kufuta kwa kidole, kama wasichana wanne waliotoka kupika arusini.

Akachuchumaa, akaziangalia, na hapo hasira ya kawaida ikampisha hasira nyingine, kubwa zaidi. Mbona jambo liko wazi hivi? Petroli iliyonyonywa kwenye tangi na kuuzwa njiani haifiki kwenye injini. Haiungui, haitoi moshi, haipaki plagi masizi. Dereva mwizi plagi zake hubaki safi kama meno ya mtoto. Hizi zilisema mafuta yote yaliingia ndani, tena yakazidi, yakakosa hewa ya kuungua nayo. Na plagi moja ikiwa mbaya, hiyo ina shida zake. Zote nne zikiwa sare, shida iko juu, zinakopata pumzi.

Akafungua lile duara la bati lililo juu ya kabureta, linamokaa chujio la hewa.

Chujio lilikuwa limevalishwa nguo. Simaanishi tambara lililoangukia humo. Lilikuwa limezungushiwa kipande cha leso na kushonwa kwa uzi, mishono midogo, ya mkono wa mtu mwenye subira, na juu ya leso vumbi la barabara la miezi limegandamana na mafuta mpaka likawa udongo. Injini ilikuwa ikivuta pumzi kama mtu aliyezibwa uso kwa mto. Kyule alikipasua kile kitambaa, akakikung'uta, na chini ya uchafu akaona michoro ya korosho ya njano na ukingo mwekundu. Akaijua. Ni yeye aliyeinunua leso hiyo, Kitui mjini, dukani kwa Mama Shufaa, akampelekea mama mkwe pamoja na blanketi siku alipokwenda kumposa Ndinda.

Ikamjia yote mara moja. Mama aliona vumbi la malori ya mchanga, akaihurumia pikapu yake. Na mtu aliyechuja asali maisha yake yote anajua dawa moja tu ya uchafu. Aliichuja hewa.

“Wewe ulijua?” Kyule akamuuliza Mbithi.

Mbithi akasema mama humwambia asifungue kitu chochote kilicho na skrubu.

Kyule akamtuma Ndinda, aliyekuwa akiuza chai hapo kando, aende amweleze mamake polepole, pembeni, bila watu. Ndinda alikwenda, akarudi haraka kuliko alivyokwenda. Mama amesema fundi atengeneze gari, mambo ya wezi amwachie mwenyewe. Na tayari ametuma mtu kwa chifu.

Basi Kyule akachukua plagi moja na ile leso, akavuka barabara. Watu wakampisha, maana uso wake ulikuwa umevimba. Alipofika karibu na mzani aligeuka, akampa mama mkwe mgongo kama inavyotakiwa, akainua plagi mbele ya macho yake, akaanza kuongea nayo. Akaiuliza ni nani aliyeivisha nguo nyeusi. Akaiuliza kama mafuta hayo iliyaota au iliyanywa. Sauti bado iko chini, ingawa mishipa ya shingo ilikuwa imesimama kama mizizi.

Kanyiva naye akaligeukia gunia. “Gunia, mwambie fundi hata kuendesha vibaya kunaleta masizi. Na mwambie fundi anayemtetea mwizi watu hujiuliza wanagawana nini.”

Kicheko kikapasuka sokoni. Hapo ndipo nthoni ilipokatika kama mkanda wa feni. Kyule aligeuka mzimamzima, akamtazama mama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza tangu arusi, na akanguruma mpaka kuku waliofungwa miguu wakaruka.

“Kanyiva! Petroli iliyouzwa Salama haiwezi kuacha masizi hapa Tawa! Mwizi wa mafuta yako ni hii leso, na wewe ndiye uliyeishona!”

Akaitupa juu ya mzani.

Na sasa sikiliza ujinga wa watu, mimi hapo ndipo ninapotaka kutupa kalamu. Hakuna aliyeitazama leso. Hakuna aliyeitazama plagi. Walimtazama Kyule kwa midomo wazi, mama mmoja akafunika macho ya mtoto wake, kana kwamba fundi amevua nguo. Amemwita kwa jina! Amempazia sauti! Kanyiva alijifunika kichwa, akaokota leso yake, akapanda gari la mtu mwingine na kwenda zake Matinyani. Wakulima wakatawanyika wakizungumzia aibu ya Kyule, hata chifu akasahauliwa, na Mbithi akabaki amesimama, mwizi kama alivyokuwa asubuhi.

Haikuchukua muda. Wajomba wa Ndinda wakatuma habari: alete mbuzi, aiondoe aibu aliyoileta.

Kyule alirusha spana ikatoboa bati. Akauliza hewa, ukuta na mke wake ni nchi gani hii ambayo msema kweli ndiye anayetoa mbuzi. Alisema afadhali amchinje na kumla peke yake, na pembe awapelekee wajomba wajikune nazo.

“Ukweli wako hakuna aliyeukataa,” Ndinda akamwambia. “Huulipii ukweli. Unalipia sauti.”

Kyule akanyamaza, na Ndinda akaingiwa na wasiwasi, kwa sababu hakuzoea.

Alisugua plagi zile nne kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa, akaweka chujio jipya lisilo na nguo, akamwita Mbithi. Siku iliyopangwa walipakia mbuzi nyuma ya pikapu, Mbithi kwenye usukani, Kyule na Ndinda kando yake, wakaenda Matinyani. Safari yote pikapu haikukohoa hata mara moja, na Kyule alikasirika njia nzima kwa sababu hakupata la kurekebisha.

Wajomba walikuwa wamekaa kwenye viti, visu vimenolewa. Kyule alimteremsha mbuzi, akamleta mpaka langoni, hatua mbili kabla ya kuingia, akasimama. Wakamwambia karibu. Hakusogea. Aligeuza uso kwenye ua, akashika kamba, akaongea na mnyama.

“Wewe mbuzi, waambie wenye boma hili nimekosa. Nilipaza sauti mbele ya watu, na wewe ndiwe malipo yake. Lakini siku hiyo zilipazwa sauti mbili. Ya pili ilimwita mtu mwizi, na mpaka sasa haijalipiwa hata na kuku. Siku itakapolipiwa, utaingia. Isipolipiwa tunarudi Tawa, mimi na wewe.”

Mjomba mkubwa alisimama kwa ghadhabu. Tangu lini anayetozwa anaweka masharti? Lakini mbuzi aliyefika langoni na kurudishwa ni aibu ya wenye boma, si ya mleta mbuzi. Habari hiyo ingezunguka Kitui yote, na Kyule alilijua hilo, mwanaharamu yule. Akaufungua mfuniko wa injini hapo hapo, akatoa plagi ingali moto, akaifunga kwenye kitambaa, akampa Ndinda ampelekee mamake ndani.

Kanyiva alikuwa jikoni. Ndinda anasema aliipeleka dirishani, akaielekeza kwenye mwanga na kuizungusha taratibu, jicho moja amelifumba, vile vile alivyokuwa akitazama chupa ya asali kabla ya kuiuza. Kincha kilikuwa cha kahawia, kahawia iliyofifia. Akamuuliza Ndinda kama hiyo ndiyo rangi yake ya kawaida. Ndinda akasema ndiyo. Akauliza kama siku ile zote zilikuwa nyeusi. Ndinda akasema zote nne. Akatoa msonyo mrefu, wa kujisonya mwenyewe na dunia nzima, akatoka.

Akasimama mbali, uso ameuelekeza kwa mbuzi.

“Mbuzi, mwambie huyo mkwe mwenye kichwa cha jiwe, Mbithi hakuiba.”

“Mbuzi,” Kyule akajibu, “hapa Matinyani tumesikia sisi na kuku. Watu wa mzani wa Tawa wana masikio marefu hivyo?”

Wajomba wakaguna. Kanyiva akatetemeka kwa hasira, na wallahi ungewaona wawili hao hapo ungeapa kwamba ni yeye aliyemzaa Kyule na si Ndinda. Akageuka, akarudi jikoni, akafunga mlango.

Kyule akarudi Tawa, mbuzi akafungwa langoni, nje ya boma, akangoja siku ya soko. Muda huo wote alikuwa akila majani ya ua wa mama, na hakuna aliyethubutu kumhamisha, maana kumwingiza ni kukubali na kumfukuza ni kukataa.

Siku ya soko Kanyiva alifika Tawa mapema. Alingoja magunia yapangwe, mpaka foleni ikawa ndefu. Akapanda juu ya mzani wenyewe, leso ile ya korosho mkononi, imefuliwa.

“Mlinisikia nikisema Mbithi ni mwizi. Si mwizi. Gari langu nililiziba pua mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Anayecheka aondoke na ndengu zake, sinunui.”

Hakuna aliyecheka. Ndengu zilikuwa nyingi mwaka huo na mnunuzi ni yeye. Mbithi aliufunga ufunguo ndani ya kiganja chake, hakusema asante. Alisema tu kwamba kuanzia leo ataifungua skrubu yoyote atakayoona inafaa kufunguliwa, naye mama akalitazama gunia, akaliambia haya, mwambie sawa.

Jioni wakaenda Matinyani, na mbuzi akaingia. Kyule alipewa fungu lake, akalila nyuma ya ghala, mgongo umeelekea nyumba, kama inavyotakiwa, akinung'unika kwamba wajomba wamechukua mapaja na yeye wamempa shingo, tena ngumu. Walipokuwa wakiondoka Ndinda alimletea chupa ya asali kutoka kwa mamake. Asali safi, inayong'aa, imechujwa leo leo. Kyule akaifungua, akainusa jinsi anavyonusa plagi.

Ilinuka petroli.

Akaangalia jikoni. Kwenye kamba ya nguo leso ya korosho ilikuwa imeanikwa, inadondosha maji. Nyuma ya mlango mtu alikohoa kikohozi kidogo, cha raha. Kyule akafunga chupa, akapanda pikapu, akambamizia mlango Mbithi, ambaye hakukosa lolote, na asali ile akaila yote njiani kwa kidole, amenuna, mpaka Tawa.